Mvinyo Mkononi mwa Kokulinda

Siku wakwe wa Kisesa walipokuja Pasiansi, jikoni kwa Kokulinda hakukuwashwa moto. Si kwamba mkaa ulikuwa umekwisha. Wifi yake Modesta alikuwa amefika mapema na bajaji iliyojaa mahotpoti: wali, ndizi, nyama ya mbuzi, sangara wa kukaanga, mpaka kachumbari. Maji ya kunywa alileta ya chupa. Soda alileta kwenye kreti. Hata chumvi alikuja nayo, akaiweka juu ya meza ya mwenye nyumba.

"Wifi, leo wewe pumzika kabisa," akasema.

"Nimechoka na nini?"

"Pumzika tu. Wageni wale bila wasiwasi."

Kokulinda akaitazama ile pakiti ya chumvi. Ilikuwa haijafunguliwa. Akajua kwamba hata chumvi ya nyumba yake imeshahukumiwa, na akanyamaza, kwa sababu ndani Odeta alikuwa anavaa, na siku ile ilikuwa ya Odeta.

Huyu Kokulinda ni mzaliwa wa upande wa Muleba, kwenye migomba na mibuni. Shule aliiona kwa nje, akipita njiani na mdogo wake mgongoni. Mdogo huyo ni Jovitus, ambaye baadaye alisoma mpaka akapata ofisi Nyamagana na kuoa Modesta. Dada yake alimbeba, akampikia, akampigia pasi sare, na yote hayo hakuna aliyewahi kuyataja kwenye sherehe yoyote ya Jovitus. Alivuka ziwa kwa meli akiwa bado msichana, akaja Mwanza, akaolewa na Kashindye, fundi wa injini za mitumbwi. Kashindye alimpa mtoto mmoja, Odeta, kisha akapata mwanamke upande wa Geita, akaondoka na godoro. Kokulinda hakwenda kumtafuta. Alinunua ndizi akaanza kupika rubisi, pombe ya ndizi ya kwao.

Na rubisi yake ilikuwa rubisi kweli. Mjini wengi huiharakisha kwa sukari na hamira, ikakulewesha kabla hujaisikia. Yeye alivundika ndizi zikaiva zenyewe, zikakanyagwa pamoja na nyasi, maji yakachujwa, akatia mtama uliosagwa, akafunika akaacha. Hakupika kwa ndizi za aina moja. Ndizi za pombe peke yake zinatoa kinywaji kikali kama fimbo; ndizi za kuiva peke yake zinatoa juisi ya watoto. Alichanganya, na kila msimu alibadili kipimo kwa kuonja. Watu walikuja kutoka Kirumba, kutoka Ilemela, wakakaa kwenye mawe nyuma ya nyumba, ziwa likiwa chini yao.

Kwao Muleba pombe haimfikii mgeni kabla mwenyewe hajaionja mbele yake. Anakunywa, anameza, mgeni anaona, ndipo kibuyu kinatembea. Ni heshima, lakini kila mtu anajua ilipoanzia: ni kumwambia mgeni kwamba hakuna kitu humu ndani. Kokulinda alionja kila kibuyu kilichotoka mkononi mwake. Alionja hata siku ile ya Maige.

Maige alikuwa seremala, mtu mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikunywa nusu kibuyu, akaaga, akaanguka kabla hajafika kwake. Daktari akasema ni moyo, na mkewe alisikia kwa masikio yake. Lakini neno la daktari lilibaki hospitali. Lililotembea ni la Modesta, ambaye msimu huohuo alikuwa amefungua grosari ya bia kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Hakusema kwa sauti. Alisema bombani, akiwa ameinama anafunga kidumu: "Jamani, mimi sisemi kitu. Ila Maige alikuwa anatoka wapi?"

Ikatosha. Mawe ya nyuma yakabaki na mijusi. Wateja wakahamia grosari. Misibani, wanawake wanapogawana kazi, mmoja kupika ugali, mwingine chai, Kokulinda alipewa ufagio. Alifagia misiba mingi. Chai aliyoichemsha mara moja, kwa kuwa mpishi alichelewa, ilimwagwa yote kwenye migomba akiwa anaona.

Ndipo Odeta akapata mchumba. Kijana anaitwa Chenge, mhudumu wa hoteli moja ya kando ya ziwa, mtoto wa Mzee Shimba wa Kisesa, mfugaji. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba mdogo wa Chenge, Mzee Ngosha, alipofika Pasiansi kuulizia, kama wazee wanavyofanya. Akaenda kunywa bia. Alikunywa wapi? Kwenye grosari ya Modesta. Aliporudi Kisesa aliuliza swali moja tu mbele ya ukoo: "Tunaoa kwenye nyumba ya namna gani?"

Mzee Shimba akasema watakwenda waone wenyewe.

Kwa wazee wale, kukubali ni kunywa. Ukiingia nyumba ya binti ukatoka bila kunywa cha watu, umemkataa binti. Kila mtu alilijua hilo. Jovitus naye alilijua, ndiyo maana akapanga soda za mkewe.

"Dada," alimwambia Kokulinda mlangoni, akirekebisha kola, "wewe utakaa chumbani. Ukiitwa utakuja kusalimia. Modesta atahudumia."

"Hii nyumba ya nani?"

"Ni kwa ajili ya Odeta, dada."

"Nimekuuliza nyumba ya nani."

Jovitus akaangalia viatu vyake. Kokulinda akaingia chumbani, kweli, na Modesta akapumua. Lakini alikuwa ameingia kubadili nguo. Alitoka amevaa gauni lake la kanisani na kilemba cha kijani, akavuta kiti cha mbao, akakiweka palepale katikati ya sebule, akakaa. Alikuwa ameshapiga hesabu yake. Wageni wakinywa soda ya Modesta ndani ya nyumba hii, Odeta ataolewa, na Kokulinda atakuwa amekiri. Ataitwa mama mkwe mwenye sumu mpaka afe. Wasipokunywa chochote, Odeta atarudi kwenye cherehani yake na kulia. Kilichobaki ni kimoja: wanywe kutoka mkononi mwake. Na hakuwa na kitu cha kuwapa; rubisi aliacha kupika wateja walipohama.

Wageni walifika jua likiwa limeshaelekea upande wa Geita. Mzee Shimba, mrefu, kofia mkononi. Mzee Ngosha, mfupi, macho yakipiga doria kila pembe. Nyuma yao Chenge, shati jeupe, amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga.

Salamu zikapita, shikamoo na marahaba zikaenda zikarudi. Modesta akatokea na sinia la soda, kazifungua zote, akaanza na Mzee Shimba.

"Karibu baba, ya baridi hiyo."

Mzee Shimba hakunyoosha mkono. Alimtazama Kokulinda kwenye kiti chake, kisha akamtazama Modesta.

"Wewe ndiye mama wa binti?"

"Hapana baba, mimi ni wifi. Nasaidia tu."

"Basi weka hapo kwanza."

Sinia likakaa mezani. Hapo ndipo Chenge alipopiga goti mbele ya Kokulinda, akafungua taulo. Ndani kulikuwa na chupa nyeusi, bega lake pana, karatasi yake imeliwa na unyevu pembeni.

"Mama, sikuja mikono mitupu. Hii ni waini ya Ufaransa. Kuna mzee wa huko, alikuwa anakuja kila mwaka kuvua sangara kwetu hotelini. Safari yake ya mwisho aliniachia. Akaniambia niilaze mahali pa baridi, niifungue siku kubwa. Ilishakuwa na miaka mingi alipoileta, na mimi nimeilaza stoo ya nyumbani, chini kwenye jiwe, tangu sina ndevu."

"Na sasa unazo?" aliuliza Mzee Ngosha.

"Chache, baba."

Watu wakacheka kidogo. Kokulinda akaipokea chupa kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana.

"Ninywe mimi?"

"Ni zawadi yako, mama. Na hotelini tuna utaratibu: mwenye meza ndiye anaonja kwanza. Akisema ni nzima, ndipo wengine wanamiminiwa. Hizi za zamani nyingine zinakuwa zimekufa humohumo ndani ya chupa. Huwezi kujua mpaka mtu aonje."

Kokulinda akaitazama sura ya kijana huyo kwa muda. Hakujua kama anasema tu mambo ya hotelini au ameelewa kila kitu kilichopo sebuleni mle. Hakuuliza.

"Fungua," akasema.

Chenge alitoa kifungulio chake mfukoni, akazungusha, akavuta taratibu. Kizibo kilitoka kirefu, ncha yake imelowa rangi ya damu iliyokauka. Akakinusa, akampa Kokulinda naye akinuse. Akaomba jagi na tochi ya simu, akisema inafaa imiminwe polepole kwanza, kwa sababu ametoka nayo Kisesa kwa bodaboda na barabara imeitikisa.

"Kijana, wazee wana kiu," Jovitus akamkatisha. "Mimina."

Chenge akamimina kidogo kwenye glasi, akampa Kokulinda, akarudi nyuma.

Odeta alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba. Modesta alikuwa mlango wa jikoni. Kokulinda hakuwa na haraka. Kama wanataka kuniangalia nikionja, alisema moyoni, basi leo wataniangalia mpaka wachoke.

Aliinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe cha meza. Katikati kinywaji kilikuwa cheusi kama zambarau iliyoiva ikapitiliza, lakini pembeni, kilipokuwa chembamba, rangi ilikuwa imegeuka ya tofali lililochomwa. Alijua pombe changa haina rangi mbili. Akaleta pua. Mwanzoni hakusikia kitu zaidi ya harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu, udongo na gunia.

"Izungushe, mama," Chenge akasema kwa sauti ya chini. "Ipate hewa. Imekaa imefungiwa."

Akaizungusha, kinywaji kikapanda ukutani mwa glasi na kushuka polepole. Akanusa tena. Sasa kulikuwa na watu ndani. Kulikuwa na jani la tumbaku, lile la kuning'inizwa darini. Ngozi ya kiatu kipya. Zambarau zilizokauka juani. Na chini ya hayo yote, harufu ambayo ilimfanya asogeze glasi mbali kidogo: mbao. Mbao iliyopigwa randa asubuhi, maranda bado yana joto. Harufu ya Maige, akiingia kwa nyuma na kusema, mama Odeta, nipe kidogo nikalale. Hakuwa ameisikia tangu siku ile. Hakutaka kulia mbele ya Modesta, na hakulia.

Akanywa.

Alikishika kinywaji mdomoni kama alivyokuwa akishika rubisi, akakipitisha kila upande. Kiliingia kimya. Kisha uchachu ukatokea pembeni mwa ulimi, mate yakaja kama kwa ukwaju. Kisha ukakasi ukamshika fizi, ule wa ndizi mbichi iliyomenywa, ukamkausha shavu hili na shavu lile, ukakaa. Hakukimbia nao. Alisubiri, na ndani ya ule ukakasi utamu mdogo ukapita, si wa sukari, wa tunda lililojikunja. Akameza. Pikipiki ilipanda mlima wote wa nje mpaka ikapotea, na ladha bado ilikuwa mdomoni.

"Wanatengeneza na nini?" akauliza.

"Zabibu, mama. Aina mbili wanachanganya, na ya tatu kidogo. Kuna moja ngumu, hiyo ndiyo inayoifanya chupa ikae miaka. Ile nyingine laini, inatiwa kuifunika ngumu."

"Wana akili. Ya aina moja ingeniudhi."

"Sasa mama," Mzee Shimba akasema, "iko hai au imekufa?"

Kokulinda akanywa tone jingine kabla ya kujibu, kwa makusudi.

"Iko hai. Si tamu, na msiitegemee iwe tamu. Bado imekunja uso. Ingewekwa tena miaka mingine isingeharibika. Lakini imekaa vizuri, na haina kitu kibaya ndani. Naionja mbele yenu na ninaimeza mbele yenu."

Akasimama, akachukua chupa mwenyewe, akamimina. Wa kwanza Mzee Shimba. Wa pili Mzee Ngosha. Chenge alitaka kumsaidia, akamzuia kwa jicho. Jovitus alipewa naye, akaishika glasi kama mtu aliyepewa kushika mtoto wa jirani.

Mzee Ngosha akanywa kidogo, uso ukamkunjamana.

"Inakamata ulimi," akasema. "Haiwekwi soda?"

"Haiwekwi, baba," Chenge akasema.

"Wazungu wanateseka."

Akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha aiangalie vizuri. Mkono wake ukasimama hewani. Chini ya glasi yake kulikuwa na chembechembe nyeusi, zimetulia kama unga wa mkaa, na nyingine bado zinashuka.

"Hiki ni nini?"

Akaiweka glasi mezani, akaisukuma kwa kidole.

"Shimba, angalia. Kuna kitu kimetiwa humu. Hii ni dawa."

"Baba, hayo ni machicha yake," Chenge akasema haraka. "Waini ya zamani inatoa. Ni yenyewe inajigandia kwa miaka, ndiyo maana nilitaka jagi, barabara imetikisa..."

"Glasi ya kaka mbona haina?"

Ni kweli, ya Mzee Shimba ilikuwa safi. Yake ilimiminwa ya kwanza, kabla chupa haijainamishwa sana. Lakini nani angesikiliza habari za ya kwanza na ya pili? Mlangoni mwa jikoni, Modesta alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo kifuani.

"Jamani," akasema polepole, "mimi sisemi kitu."

Kokulinda alisikia maneno yale yakipita sebuleni kama yalivyopita bombani. Odeta alikuwa ameziba mdomo. Mzee Shimba alishika glasi yake bila kuinywa. Jovitus aliiweka ya kwake chini, taratibu, asionekane. Na Kokulinda alimwona. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, mgongo uliombeba ukahisi kama bado anauelemea.

Akanyoosha mkono, akaichukua glasi ya Mzee Ngosha. Akaizungusha kwa makusudi ili kile kilicholala chini kiamke. Akainywa yote. Mwishoni akaigonga glasi kwa kiganja, machicha yakamdondokea ulimini, akayatafuna. Yalikuwa machungu, ya kukwaruza, kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe. Akayameza. Akatoa ulimi nje, mweusi, akamwonyesha Mzee Ngosha, kisha akageuka akamwonyesha Modesta.

Akarudi kwenye kiti chake.

"Sasa mzee, kaa unitazame," akasema. "Usiende popote. Kama ni dawa, mimi ndiye mwenye dawa na nimeinywa mimi. Nikianguka, mnizike, na mseme mlichosema siku zote. Nisipoanguka, utanieleza vizuri ulichoambiwa grosari na aliyekuambia."

"Sikusema nimeambiwa, mama."

"Hujasema. Unafikiri mimi mjinga kwa kuwa sijui kusoma? Maige alikufa kwa moyo. Nimenyamaza kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Mnaongea nyuma yangu, mnakuja mbele na hotpoti. Leo nasema. Alikunywa kibuyu changu na mimi nilikunywa kibuyu hichohicho, kama nilivyokunywa hii. Mjane wake yupo, anauza dagaa soko la Kirumba, nendeni mkamuulize. Yeye amewahi kunidai mumewe? Hajawahi. Wanaonidai ni watu ambao hawakumjua hata alipolala."

"Dada, taratibu, kuna wageni," Jovitus akasema.

"Wewe kunywa kwanza, ndipo uniambie taratibu."

Mzee Shimba akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta. Akamuuliza Kokulinda habari za mvua za Muleba, na mibuni, na kama wanafuga. Kokulinda akajibu. Mazungumzo yakaenda, lakini kila mtu mle ndani alikuwa anamwangalia yeye, mikono yake, midomo yake, jasho. Mzee Ngosha hakujificha. Alikunja mikono akamkazia macho kama mtu anayelinda ng'ombe mgonjwa.

Yeye alikuwa na glasi yake. Kila mazungumzo yalipolegea alikunywa tone, na akaona jambo. Kinywaji kilikuwa kinabadilika. Ule uso uliokunjwa ulikuwa unakunjuka. Tumbaku ilikuwa imerudi nyuma, tunda lilikuwa limekuja mbele, na ukakasi, ambao mwanzo ulishika kama koleo, sasa ulikuwa unamshika kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake kwenye mteremko. Harufu ya maranda haikuondoka. Akaamua kwamba haimsumbui. Maige naye akae.

"Imebadilika," alimwambia Chenge.

"Ndivyo inavyofanya, mama. Yule mzee alisema isinywewe kwa haraka. Ikishafunguliwa inataka ikae na watu."

"Na ikikaa zaidi?"

"Itachoka. Mpaka kesho imekufa."

"Basi ni ya leo."

Jua likashuka, sebule ikawa ya njano. Hakuanguka. Hakutoka jasho. Aliomba kanga yake akafunika magoti, basi. Mzee Shimba, bila kutangaza, akainua glasi yake akainywa, nusu, akakaa nayo, akatikisa kichwa, akaimalizia.

"Kali," akasema. "Lakini haidanganyi. Mama Odeta, sisi tumekunywa kwako."

Odeta alikaa chini palepale kwenye pazia. Chenge alikuwa anatabasamu na sakafu. Mzee Ngosha akakohoa, akatazama meza, akamtazama kaka yake.

"Sasa mimi glasi yangu si imenywewa," akasema.

"Nimekunywa mimi," Kokulinda akasema. "Unataka nyingine au unataka soda?"

"Nipe hiyo ya kukamata ulimi."

"Umeambiwa na nani habari zangu?"

Macho ya Mzee Ngosha yakaenda mlango wa jikoni, yakarudi. Hakusema jina, lakini hakuna aliyehitaji alitaje. Kokulinda akammiminia. Akanywa yote, akapangusa mdomo kwa kiganja, akasema samahani kwa Kisukuma, kisha akaisema kwa Kiswahili ili wote waisikie. Jovitus naye alikuwa ameshamaliza ya kwake, akiwa ametazama ukutani.

Kwenye chupa kulibaki kidogo. Kokulinda aliinyanyua akaipima kwa mkono. Kisha akachukua glasi safi, akaimimina yote humo, taratibu, machicha yakabaki chupani.

"Modesta."

"Abee wifi."

"Njoo."

"Mimi, wifi, presha yangu, daktari amenikataza..."

"Njoo ukae hapa."

Modesta akaja. Hakukuwa na namna nyingine; wazee wawili walikuwa wanamtazama, na mumewe alikuwa bado anaangalia ukuta. Akakaa kwenye ukingo wa stuli. Kokulinda akanywa tone kutoka kwenye ile glasi, akameza, akafungua mdomo kuonyesha umebaki mtupu, halafu akamkabidhi.

Modesta akaishika kwa mikono miwili. Akiikataa, atakuwa amekiri mbele ya wote kwamba maneno ya grosari ni yake. Akiinywa, atakuwa amekunywa mkononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alisema anaua. Akamtafuta Jovitus kwa macho, akamkosa. Akainua, akanywa kidogo.

"Yote," Kokulinda akasema.

Akanywa yote. Machozi yakamtoka, huenda kwa sababu ya ukakasi.

"Umeisikiaje?"

"Ni... ni kali, wifi."

"Kali tu? Sema vizuri, tunapima hapa. Ina kitu ndani?"

Modesta akatikisa kichwa.

"Sema kwa mdomo, watu wasikie."

"Haina kitu."

Kokulinda akaichukua glasi tupu mkononi mwake, akaiweka mezani kando ya soda zilizokuwa zimeshapata joto na kuisha gesi. Hakumtabasamia. Hakuwa na tabasamu lake, na hakuona kwa nini alitafute.

"Kesho asubuhi ukiamka mzima," akamwambia, "nenda bombani, kwa walewale uliowaambia. Waambie ulikunywa kwangu. Waambie ilikuwa jioni, ulikunywa yote, na ulilala vizuri. Mimi nitakuwa nimekuja kuchota maji. Nitakuwa nasikiliza."